Leopards wanajilinda vizuri, ila chini mno

Tangu usiku wa tarehe 6 Januari 2026, Aljeria ilipotutoa sisi Leopards, timu ya taifa ya DR Congo, kwenye CAN (Kombe la Mataifa ya Afrika) kwa bao la dakika ya 119 pale Rabat, Lubumbashi ina kesi moja na mshtakiwa mmoja. Mtaani Kamalondo wanasema kocha Sébastien Desabre ni mwoga. Katuba wanasema vivyo hivyo. Hata mashabiki wa klabu zetu mbili, Mazembe na Lupopo, watu wasioafikiana hata juu ya hali ya hewa, safari hii wanaimba wimbo mmoja: huyu muzungu anapaki basi, ametumaliza. Ni hukumu tamu kuitamka baada ya dakika 120 za roho juu. Nadhani imekosea njia. Kujilinda ndiko kulikowafikisha Leopards hapo walipofika. Kilichowatoa ni kwamba kadiri mechi inavyosonga, ukuta wao unarudi nyuma hatua kwa hatua hadi unajikuta umesimama ndani ya eneo la hatari, mbali kabisa na mshambuliaji wao wa mbele, na hapo kila mpira wanaoupokonya unarudi kwa mpinzani kabla hawajavuta pumzi. Kujilinda ni jambo moja, kuzama ni jambo jingine. Tukiyachanganya, tutadai dawa isiyohusu ugonjwa, na mwezi Machi, kwenye mchujo wa mwisho wa Kombe la Dunia, tutakuwa Meksiko tukiulizana nani aliyeiandika.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo iliyokosekana kwenye mabishano ya siku hizi. Chukua mechi zote 10 za kundi la kufuzu Kombe la Dunia la 2026. Ongeza mbili za mchujo wa Afrika za Novemba 2025, saba za CAN iliyochezwa Côte d'Ivoire mwanzoni mwa 2024, na nne za CAN hii ya Moroko. Jumla ni mechi 23, na tukiacha penalti za kuamua mshindi, tumefungwa mabao 14. Katika mechi 22 kati ya hizo hatukufungwa zaidi ya bao moja. Na hatukuwa tunacheza na vijana wa mtaani: humo ndani kuna Moroko, Misri, Côte d'Ivoire, Kameruni, Nigeria, Aljeria, na Senegali mara tatu. Niliwaacha nje Guinea na Ethiopia waliotufunga mwishoni mwa safari ya kufuzu CAN, kwa kuwa wakati huo tulikuwa tumeshinda mechi nne za kwanza na tiketi ilikuwa mfukoni; anayetaka kuwaingiza na awaingize, picha haibadiliki sana.

Mabao 14. Wazee wa mji huu wanaifahamu namba hiyo kwa njia nyingine. Mwaka 1974, Zaïre ilipokuwa nchi ya kwanza ya Afrika kusini mwa Sahara kucheza Kombe la Dunia, tulifungwa mawili na Scotland, tisa na Yugoslavia na matatu na Brazil. Ni mabao 14 kwa mechi tatu. Mmoja wa makipa wetu alikuwa Kazadi Mwamba wa Mazembe, aliyetolewa uwanjani tukiwa tumeshachapwa matatu katika dakika 20 tu dhidi ya Yugoslavia, na beki wa kulia alikuwa Mwepu Ilunga, wa Mazembe pia, yule ambaye dunia inamkumbuka kwa kuupiga mpira wa adhabu wa Wabrazil kabla hawajaupiga wenyewe. Nisieleweke vibaya: kikosi kile kilikuwa bingwa wa Afrika, Ndaye Mulamba alikuwa ametoka kufunga mabao tisa kwenye CAN moja, na kule Ujerumani wachezaji walikuwa wamegombana na viongozi juu ya posho zao. Tisa zile hazikuwa za kimbinu peke yake. Lakini anayesimama leo na kusema «turudi kwenye soka letu la asili, soka la kushambulia» akumbuke kwamba soka hilo tulishalipeleka Kombe la Dunia mara moja, na tunajua lilirudi na nini.

Hilo ndilo shitaka dhaifu kuliko yote yanayotolewa dhidi ya Desabre: kwamba Mkongomani kwa damu yake ni mshambuliaji, na kwamba mgeni ametuletea woga wa Ulaya. Kwa mtu wa Kinshasa naweza kulivumilia. Kwa mtu wa Lubumbashi ni kusahau kwa makusudi. Usiku mkubwa kuliko wote katika historia ya soka ya mji huu ni wa Desemba 2010 kule Abu Dhabi, Mazembe ilipoifunga Internacional ya Brazil 2-0 na kuwa klabu ya kwanza kutoka nje ya Ulaya na Amerika ya Kusini kufika fainali ya Kombe la Dunia la klabu. Kabla ya hapo iliifunga Pachuca ya Meksiko 1-0. Aliyeziona mechi hizo anakumbuka nini? Anakumbuka Wabrazil wakipiga mpira huku na huku, kipa Kidiaba akiruka na kuokoa, mabeki wakiusukumia mbali, kisha Kabangu anapata nafasi na kuimaliza, halafu Kaluyituka. Mazembe haikuwa na mpira muda mrefu usiku ule, na hakuna mtu wa Kamalondo aliyekwenda kulala akisema tumecheza kwa woga. Tulicheza ngoma barabarani. Kujilinda na kupiga kwa kushtukiza ni mila yetu kama mila nyingine yoyote. Tunaikana tu tunapopoteza.

Na Desabre hakuichagua njia hii kwa sababu ya tabia yake. Mwezi Juni 2019, pale Cairo, alikuwa kwenye benchi la Uganda timu hiyo ilipotufunga 2-0 katika mechi ya kwanza ya CAN. Aliwaona Leopards kwa jicho la mpinzani: wachezaji wenye majina, waliopanda mbele kwa wingi, na nyuma yao uwanja mtupu. Alipopewa timu hiyo hiyo Agosti 2022 ilikuwa imeanza safari ya kufuzu CAN kwa kupoteza mechi mbili, dhidi ya Gabon na Sudani. Kocha wa taifa hana muda wa kocha wa klabu. Anawapata vijana siku chache, wametoka Uingereza, Ufaransa, Hispania, Ubelgiji, Misri, kila mmoja na mazoea ya kocha wake. Kuwafundisha kushambulia kwa pamoja, yaani nani aachie nafasi, nani aijaze, pasi ipigwe kabla mwenzako hajakimbia au baada, kunataka miezi. Kuwafundisha mahali pa kusimama wakati mpira uko kwa mpinzani kunawezekana kwa siku nne za mazoezi. Desabre alianza na kinachofundishika. Ningemlaumu kama angefanya kinyume.

Kinachofundishwa chenyewe kiko wazi kwa anayetazama bila hasira. Kwenye karatasi timu inapangwa 4-2-3-1: mabeki wanne, viungo wakabaji wawili, watatu mbele yao na mshambuliaji mmoja. Mpira ukipotea, mchezaji wa namba 10, yule wa katikati kati ya wale watatu, anapanda sambamba na mshambuliaji Bakambu na mawinga wanashuka pembeni mwa viungo wawili wakabaji, na unapata mistari miwili ya watu wanne. Wale wawili wa mbele hawakimbilii mpira ovyo. Kazi yao ni kuziba njia ya kupita katikati, ili beki wa mpinzani alazimike kuupeleka pembeni. Pembeni ndiko Desabre anakotaka mpira uende. Winga anambana mpinzani kwa mbele, beki wa pembeni anamsubiri nyuma, kiungo wa upande ule anasogea, na aliyeshika mpira anabaki na chaguo mbili: kuurudisha alikotoka, au kupiga krosi. Krosi ikija, inamkuta nahodha na beki wetu wa kati, Chancel Mbemba, na krosi nyingi za Afrika zimeishia kwenye kichwa cha Mbemba. Mpango huu ulisimama mwaka 2024 Mbemba akiwa na Henoc Inonga, ambaye wakati huo alikuwa Simba ya Dar es Salaam, na umezidi kuimarika tangu Aaron Wan-Bissaka akubali kuvaa jezi yetu mwaka 2025. Kwa kukaba mtu mmoja kwa mmoja pembeni ya uwanja, mabeki wa kulia wa kumzidi Afrika ni wa kutafuta kwa taa.

Upande wa pili una hoja moja nzito, na nashangaa kwamba wanaopiga kelele zaidi hawaitumii. Tazama mechi za mtoano pekee. Misri 1-1, Guinea 3-1, Côte d'Ivoire 0-1, na Afrika Kusini 0-0 katika kutafuta nafasi ya tatu. Kisha Kameruni 1-0, Nigeria 1-1, Aljeria 0-1. Ni mechi saba na mabao sita, na nusu yake tuliyapata kwa Guinea. Ukiiondoa Guinea, tuna mabao matatu katika mechi sita, na nne kati ya mechi hizo zilikwenda muda wa nyongeza au penalti. Bao la Kameruni lilifungwa na Mbemba, beki, dakika ya 91, baada ya mpira wa kona. Timu ya namna hii imeweka maisha yake mikononi mwa bahati: ikifika penalti, siku moja kipa Lionel Mpasi anaipiga ya mwisho na kuitoa Misri, siku nyingine Desabre anamwingiza kipa wa akiba Timothy Fayulu dakika ya 119 na Nigeria inakwenda nyumbani, siku nyingine Afrika Kusini inatuchapa. Na siku nyingine hufiki hata kwenye penalti, kwa sababu mchezaji wa akiba wa Aljeria, Adil Boulbina, amepata nafasi ya kupiga shuti moja zuri mnapokaribia kuhesabu sekunde. Hoja hii siwezi kuipuuza. Swali ni chanzo chake. Wengi wanasema tunafunga kidogo kwa sababu tunajilinda sana. Mimi nasema tunafunga kidogo kwa sababu ya mahali tunapoupokonya mpira.

Ushahidi wangu ni mechi mbili, moja ya kuumiza na moja ya furaha. Tarehe 9 Septemba 2025, uwanja wa Martyrs wa Kinshasa, tunaongoza 2-0 dhidi ya Senegali. Bakambu dakika ya 26, Wissa dakika ya 33. Hadi hapo mistari yetu miwili ilikuwa imesimama karibu na mstari wa katikati, na kila pasi mbovu ya Wasenegali ilikuwa hatari kwao. Pape Gueye akapunguza moja kabla ya mapumziko. Kipindi cha pili kilipoanza ilikuwa timu nyingine. Mpango ni ule ule, watu ni wale wale, lakini mstari wa mwisho umeshuka hadi ukingoni mwa eneo la hatari, viungo wameshuka nao, na Bakambu amebaki huko juu peke yake. Nicolas Jackson akasawazisha dakika ya 53. Kuanzia hapo kila tulipouokoa mpira tulikuwa tunawapa wao zamu nyingine. Pape Matar Sarr akamaliza kazi dakika ya 87. Hiyo ndiyo mechi pekee kati ya zile 23 tuliyofungwa zaidi ya bao moja, na ndiyo iliyotunyima tiketi ya moja kwa moja: Senegali ilimaliza na pointi 24, sisi 22. Inachekesha kwa uchungu kwamba watu wanaitumia kama mfano wa «kujilinda mno». Siku ile hatukujilinda hata kidogo baada ya mapumziko. Tulijificha.

Sasa weka kando yake usiku wa tarehe 16 Novemba pale Rabat. Frank Onyeka wa Nigeria anatufunga dakika ya 3 tu. Hakuna matokeo ya kulinda tena, hivyo hakuna sababu ya kushuka. Ukuta ule ule wa watu wanne-wanne unasogea mita kadhaa mbele. Viungo wanaanza kubana pale pale katikati. Na dakika ya 32 mpira unaporwa eneo hilo, Bakambu anampasia Meschack Elia, wavu unatikisika. Hesabu pasi zilizohitajika. Mpira ukiupata katikati ya uwanja, lango liko umbali wa pasi mbili. Ukiupata kwenye nukta yako ya penalti, unahitaji pasi sita au saba, na kwa wachezaji waliokutana wiki moja, pasi saba ni safari ya kwenda Kolwezi kwa miguu. Kwa hiyo mtu anauokoa mbele tu, Bakambu anagombana na mabeki wawili, anaupoteza, na sisi huku tunasema Bakambu amezeeka. Mchezaji yule yule, mpango ule ule. Kilichobadilika ni mita 20.

Kwa nini basi wanashuka? Sehemu ni hofu ya kawaida ya binadamu aliyeshika kitu cha thamani. Hilo halina uraia wala rangi. Sehemu ni miguu. Mbemba ameshapita miaka 30 na amecheza soka nyingi mno. Beki wa umri huo, dakika ya 70, akimwona mbele yake kijana mwenye kasi, hupenda kuwa na nafasi ndogo nyuma yake, na akishuka yeye, mstari wote unashuka, kwa sababu yeye ndiye nahodha na ndiye anayeuongoza. Simlaumu. Lakini sehemu kubwa iko mbele, na huko ndiko kocha anapostahili kuulizwa maswali. Ukuta hushuka pale aliye na mpira anapoachwa ainue kichwa na kuchagua pasi ndefu. Wa kumzuia asiinue kichwa ni washambuliaji. Yoane Wissa alikuwa akiifanya kazi hiyo kuliko wote. Aliumia goti katika mechi ile ile ya Senegali, na hakuwapo Novemba wala kwenye CAN hii. Bila yeye, mstari wa mbele unabana kwa saa moja, kisha unachoka, kisha unatazama. Mara nyingi mabadiliko ya Desabre huja wakati timu imeshazama, na anayeingia huenda kuziba, kumbe wa kuingizwa dakika ya 60 ni vijana wenye mapafu mawili wa kuwasumbua mabeki wa mpinzani, hata kama hawafungi bao. Mshambuliaji Fiston Mayele akiingizwa mapema kwa kazi hiyo, pamoja na winga mmoja mpya, anaweza kuwapa mabeki wetu mita zao 20 bila kuwaambia neno.

Hapo ndipo tofauti kati ya mashitaka haya mawili inapokuwa na bei. Ukisema tatizo ni kujilinda, dawa yako ni kubadili kila kitu: viungo wakabaji wawe mmoja, mabeki wa pembeni wapande wote wawili, tucheze 4-3-3 ya kushambulia. Ukisema tatizo ni urefu wa timu kutoka nyuma hadi mbele, dawa ni ndogo zaidi na inafundishika kwa siku zile zile nne: mstari wa mwisho usishuke ila mpira ukiwa umeshapita viungo, mabadiliko ya mbele yafanyike mapema, na baada ya kuuokoa mpira, timu nzima ipande pamoja hata kama pasi imepotea.

Machi italeta mtihani ambao kelele za sasa hazijauona kabisa. Kule Guadalajara tutacheza mechi moja tu, dhidi ya Jamaika au Kaledonia Mpya, na mshindi anakwenda Kombe la Dunia. Kuna uwezekano mkubwa kwamba mpinzani wetu atafanya vile tunavyofanya sisi kwa wakubwa: atashuka, atatuachia mpira, atasubiri. Mji ule uko mita zaidi ya 1,500 juu ya usawa wa bahari, juu kuliko hata Lubumbashi, na pumzi za kukimbia mbele na nyuma zitakuwa na gharama. Timu ndefu itachoka mapema kuliko timu fupi. Katika mechi ya aina hiyo ukuta hautatumika sana, lakini mahali pa mstari wa mwisho patatumika dakika zote, kwa sababu mabeki wetu wakibaki nyuma mita 40 kutoka kwa mpira, kila mpira utakaotoka kwenye msongamano wa mbele utawakuta Wajamaika peke yao. Mbemba na mwenzake watalazimika kusimama nusu ya uwanja ya wapinzani, na Wan-Bissaka atapaswa kuwa tayari kumkimbiza mtu kwenye uwanja mtupu, kazi anayoiweza.

Na tukivuka, ratiba ya Kombe la Dunia iko wazi tangu droo ya Desemba 2025: Ureno, Kolombia, Uzbekistani. Mwezi Juni, dhidi ya Ureno, hakuna mtu wa Katuba atakayeuliza kwa nini viungo wakabaji ni wawili. Atauliza kwa nini si watatu. Ukuta huu umechukua zaidi ya miaka mitatu kujengwa. Kuuvunja Januari kwa hasira ya bao la dakika ya 119, ili tuujenge upya Juni mbele ya Wareno, ni kazi ambayo hakuna kocha anayepata siku za kuifanya. Desabre aachwe na watu wake wanne-wanne. Swali la kumbana nalo atakapotangaza kikosi cha Machi ni jingine: nani atakimbia mbele saa moja ikishapita, na kama Wissa hajawa tayari, nani mwingine amefundishwa kazi yake?